Muulize Ami: Gari ya kujiendesha mwenyewe Unguja, inalipa?

Shikamoo Ami. Sisi tunatokea Tabata, Dar, mimi na mume wangu, watoto wawili wa miaka minane na mitano, na mama mkwe ambae magoti yanamsumbua. Mwezi wa sita watoto wakifunga shule tunakuja Unguja siku nne. Mume wangu keshaamua, anataka tukodi gari palepale bandarini tujiendeshe tuzunguke kisiwa chote, na ramani keshaichora: siku ya kwanza Mji Mkongwe halafu Nungwi, ya pili Paje na ule mgahawa wa juu ya jiwe, ya tatu msitu wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi na mashamba ya viungo, ya nne mjini tena tupande boti. Hoteli tumeshabuku Nungwi usiku zote tatu. Mimi nasema tuchukue dereva, kisiwa chenyewe kidogo na barabara hazijui. Yeye anasema dereva ni hela ya bure wakati leseni anayo. Ami tuamulie maana hapa nyumbani hatuelewani. — Mama watoto, Tabata

Marahaba mwanangu, msalimie mume wako na umwambie Ami hana upande, ila hiyo ramani yake nimeitizama nikacheka peke yangu.

Skiza. Nyie mnagombania gari wakati shida iko kwenye hoteli. Mmelala Nungwi usiku zote tatu, na Nungwi ni ncha ya kaskazini kabisa, ukitoka hapo mbele ni bahari tu mpaka Pemba. Sasa kila mahala mume wako alipopachora kupo kusini, maana yake kila asubuhi mnashuka kisiwa kizima na kila jioni mnapanda tena. Nungwi mpaka mjini ni kilomita 60 hivi, na Nungwi mpaka Paje weka masaa mawili, pengine na zaidi ukikuta trafiki amesimamisha foleni au daladala ya 116 imeamua kushusha gunia la mkaa katikati ya barabara. Masaa mawili kwenda, mawili kurudi, na mtoto wa miaka mitano nyuma anauliza tumefika, na mama mkwe magoti hayajanyooka. Hapo mwenye kuendesha ni baba yenu, kwahiyo yeye hata hiyo bahari hataiona, ataona lami.

Watu wa bara wengi wanafanya kosa hili na siwalaumu, ramani inadanganya. Unaiona Unguja ndogo, urefu kama kilomita 85, unasema asubuhi naanza juu jioni nimemaliza duara. Duara lenyewe halipo! Barabara zetu nyingi zimetoka mjini zikatawanyika kwenda shamba, yaani vijijini, hakuna barabara moja inayozunguka pwani yote. Upande wa mashariki unaweza kushuka vizuri tu Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa mpaka Chwaka, raha mustarehe, halafu Chwaka unakwama. Mbele yako ghuba. Michamvi unaiona kulee ng'ambo, ngalawa inafika muda si mrefu, lakini we na gari yako ya kukodi inabidi urudi ndani ya kisiwa, ushuke Jozani, utokee Paje, upande Bwejuu ndo uje uibukie Michamvi, na huko ukifika unatizama Chwaka ulipotoka na jua linazama. Nimeona watu wamefanya hivyo na ndoa zao zikatetereka kidogo.

Sasa kuhusu nani mkweli, wote wawili nusu nusu. Gari ya kujiendesha inalipa siku unayohama, siku unayotoka hoteli moja kwenda nyingine na mizigo yote ndani, unasimama unapotaka, hakuna anaekuharakisha. Siku uliyokaa sehemu moja gari inakaa juani nje ya hoteli inakula hela. Na siku ya mjini ndo kabisa, Mji Mkongwe gari haingii, vichochoro vile ukikutana na mtu na baiskeli tu mnabanana ukutani, utaegesha Malindi huko bandarini au karibu na bustani ya Forodhani halafu unatembea kwa miguu kama wenzio wote.

Kwahiyo Ami angefanya hivi. Pigeni simu hoteli ya Nungwi muwaombe wawarudishie usiku mmoja, ule wa tatu, wengi wanakubali ukiwaambia mapema, na huo usiku mkalale Jambiani au Paje. Siku ya kwanza pandeni boti ya asubuhi, mkishuka Malindi mizigo iacheni mahala, tembeeni Mji Mkongwe mpaka baada ya alasiri. Mama mkwe mpeni benchi Forodhani na maji ya madafu, pale anaona jahazi, anaona watoto wanaruka kwenye maji, anaona Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, kwa pembeni, japo masikini jengo lile upande mmoja ulianguka Disemba 2020 na mpaka leo kila nikipita roho inaniuma, lilijengwa 1883 likahimili vita na mapinduzi likaja kuangukia kwenye matengenezo. Haya. Baada ya hapo tax mpaka Nungwi mfike kabla ya magharibi. Siku ya pili kaeni Nungwi, msikodi chochote, watoto waogelee, jioni tembeeni kwa mafundi wanaounda majahazi pale ufukweni, bado wanatumia keekee ya kuvuta kwa uta kutoboa mbao, watoto wa mjini hawajawahi kuona kitu hicho.

Siku ya tatu asubuhi ndo mletewe gari hapohapo Nungwi, wengi wanaleta kwa kuongeza kidogo. Hapo baba watoto apewe funguo afurahi. Mnashuka taratibu kwa Mkwajuni na Kinyasini, Jozani mnaona kima punju wale wa mgongo mwekundu ambao duniani kote wapo Unguja tu (wachache waliwahi kupelekwa Pemba lakini asili yao hapa), mchana mko pwani ya kusini. Siku ya nne mnapita Makunduchi, Kizimkazi Dimbani, mnaswali kama mnaswali kwenye ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, halafu mjini, mnakabidhi gari bandarini, boti ya alasiri. Hiyo ni kodi ya siku mbili badala ya nne na kila kilomita mliyoendesha mmeenda mbele, hamkurudi nyuma. Mume wako ataendesha, wewe hutasikia habari ya hela ya bure.

Hoteli wakikataa kubadilisha? Basi mwanangu umeshinda wewe, msikodi. Chukueni dereva siku moja tu ya kwenda kusini, ondokeni alfajiri, mlale garini nyote akiwemo baba.

Pomboo nimewaruka makusudi. Mwezi wa sita ni kusi, upepo unatoka kusini na Kizimkazi imeelekea hukohuko, bahari inachafuka, kumpandisha mama mwenye magoti kwenye boti ya fiber inayodunda ni adhabu. Na siku hizi boti zinawafukuza wale wanyama kumi kumi, mie sipendezewi.

Halafu kuna kitu mume wako hakukichora na ndo kikubwa kuliko yote, maji. Pwani ya mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, maji yakitoka yanatoka kweli, unatembea mpaka karibu na mwamba huko nje bahari ikiwa ya kuosha miguu. Nungwi na Kendwa kuogelea ni karibu wakati wowote, lakini Paje lazima ujue saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi hivi na kupwa saa nne, asubuhi na jioni hivyohivyo, na kila siku yanasogea mbele karibu saa nzima. Sasa mtu anaamka Nungwi saa kumi na moja alfajiri, anaendesha, anafika Paje saa nne siku ya mwezi mpevu na watoto wameshavaa nguo za kuogelea, anakuta mchanga mtupu na kinamama wameinama kwenye mashamba ya mwani. Ni vizuri pia kuona, mwani hapa umelimwa kibiashara tangu 1989 na nyumba nyingi za Paje na Jambiani zimejengwa kwa kamba zile, lakini kama ulikuja kuogelea umeula wa chuya. Na ule mgahawa wa jiwe Pingwe hivyohivyo, maji yakitoka unaenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa boti, na picha mnazoziona mtandaoni zile nzuri ni za maji kujaa. Tizameni jedwali la maji kwanza ndo mpange siku ya gari, sio kinyume chake.

La mwisho, usiku. Jua mwezi wa sita linazama saa kumi na mbili na robo hivi na giza letu halibishi hodi. Mwambie mume wako nimesema mie: magharibi awe ameshaegesha. Mchana barabara za shamba hazina shida kabisa, lami nzuri, mwendo wa pole, vijijini matuta. Shida inakuja jua likishazama, watoto wanatoka madrasa makundi kwa makundi wamevaa kanzu na baibui pembezoni mwa lami, gari la ng'ombe linarudi halina hata kioo cha kumulika, na kuna yule mzee wa baiskeli aliefunga mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma, mzigo umemzidi upana yeye na baiskeli, we unaekuja nyuma unaona kichaka tu kinatembea, ukijua kuwa ni mtu umeshamfika. Dereva wa hapa anamjua, pengine ni mjomba wake. Mgeni hajui.

Ami asalaam alaykum. Niko Uingereza miaka mingi, nakuja na rafiki zangu wawili wazungu, wanataka kukodi gari wiki nzima. Leseni zao za kwao zinatosha? Na ile bima ya dola 44 tuliyoambiwa tulipe, ndo inalinda gari? — Kijana wa Mchangani, sasa Leicester

Waalaykum salaam mwanangu, karibu nyumbani.

Bima ile ya dola 44 ni ya mgeni mwenyewe anaeingia Zanzibar, imeanza Oktoba 2024, inahusu mtu akiumwa au akipata matatizo safarini. Gari haimo. Usichanganye, nimesikia watu wanamwambia mwenye gari "sie bima tunayo" halafu wakikwaruza mlango wanashangaa wanadaiwa. Bima ya gari muulize mwenye gari: bima kubwa au ndogo? Ndogo inamlipa yule uliemgonga, gari uliyoikodi inabaki shingoni kwako. Kama ni kubwa muulize tena, nikigonga mie natoa kiasi gani mfukoni kabla bima haijaingia, na akuandikie kwenye karatasi.

Leseni, wageni wa nje wanatakiwa kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar, na mara nyingi mwenye gari anakushughulikia ukimtumia picha ya leseni na pasipoti kabla hujafika. Ukikikosa hutafika hata Mwera, maana vizuizi vya polisi ni vingi na gari za kukodi wanazijua kwa mbali. Kisimamo cha trafiki hakina maajabu: punguza, shusha kioo, asalaam alaykum afande, toa kibali, mikanda mmevaa, stika ziko kwenye kioo, safari njema. Wewe mtoto wa Mchangani salamu unaijua, usikae nyuma ukawaachia wazungu waseme hello. Ukiwa na kosa kweli lipa kwa kontroli namba upate risiti, ukiambiwa toa hapahapa bila karatasi uliza kwa adabu tu, karatasi iko wapi, na usiwe na haraka.

Wakati wa kupokea gari chukua video, zunguka yote, halafu fungua buti. Spea ina upepo? Jeki ipo? Spana inayoingia kwenye nati za tairi ipo, sio spana ya gari nyingine? Washa taa zote, washa kiyoyozi dakika kumi na gari imesimama uone kama mshale wa joto unapanda. Geji ya mafuta ipigwe picha. Mafuta yenyewe jaza mjini, vituo vya shamba vipo ila havipo kila unapovihitaji, usijaribu bahati yako na taa nyekundu imewaka kati ya Kitogani na Paje.

Na wiki nzima kwa watu watatu kama mnahama hama, hesabu inakubali. Gari ndogo mgeni anaambiwa kama dola 30 mpaka 50 kwa siku kutegemea msimu na ulimi wake, na tax moja tu ya mjini kwenda Nungwi au Paje inaweza kufika dola 40. Mkigawana watatu mmeshapata jibu. Wewe mwenyewe piga simu uongee Kiswahili utaje bei kwa shilingi, wazungu wakae kimya.

Ami mambo. Mie na mchumba wangu tunataka tukodi Vespa tuzunguke Unguja nzima siku mbili, ni bei rahisi na picha zinatoka kali. Unasemaje? — Dogo wa Arusha

Poa. Picha zitatoka kali kweli.

Vespa ni ya Paje mpaka Jambiani, Paje mpaka Bwejuu, kula urojo ukarudi. Kuitoa mjini mpaka Nungwi na mtu nyuma na begi katikati ya miguu, upande wa kulia coaster za watalii zinakupita kama huna thamani, hapana. Halafu kuna michanga inayopeperuka ikakaa juu ya lami karibu na fukwe, gari haijali, kipikipiki cha matairi madogo kinajali sana. Helmeti mbili, sio moja. Mchumba nae ana kichwa.

Na ukipita Jozani na chochote ulichopanda, yale matuta punguza kweli, yamewekwa kwa ajili ya kima maana walikuwa wanagongwa mno, wanavuka barabara kundi zima mama na watoto na hawatizami kulia wala kushoto.

Ami sisi tuko kundi la walimu wanne kutoka Tanga tunaenda Pemba mara ya kwanza. Watu wanatuambia Pemba hakuna cha kutembelea, tukodi gari ya nini. Kweli? — Mwalimu, Tanga

Hao waliokwambia Pemba hakuna cha kutembelea walishuka bandari ya Mkoani wakapanda gari mpaka mji wa Chake Chake wakalala wakarudi. Mwalimu, mie nikiulizwa kisiwa gani gari ya kujiendesha ina maana zaidi, sifikirii mara mbili, Pemba.

Sababu ni hii. Unguja vitu vimepangwa kwa mgeni, kila ufuo una tax, una boda, una mtu anakufuata na bango. Pemba vitu vizuri vimetawanyika na hakuna aliekuwekea daraja la kuvifikia. Daladala za Mkoani, Chake, Wete na Konde zipo na ni rahisi, zinakufikisha mji mpaka mji, lakini hazikupeleki ufuo wa Vumawimbi. Hazikupeleki magofu ya Pujini. Hapo ndo gari inapolipa hela yake, na mko wanne, hata msibishane.

Ila jueni Pemba si Unguja, Unguja ni tambarare, Pemba ni vilima na mabonde, barabara inapanda inazunguka inashuka kwenye mpunga inapanda tena kwenye mikarafuu, kona baada ya kona. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi ila usihesabu kama kilomita za Tanga-Muheza. Gari kaombeni iliyonyanyuka kidogo, Escudo au RAV4 ya zamani inatosha, na breki mzijaribu kabla hamjalipa. Chaguo ni dogo kuliko Unguja na makampuni makubwa ya kukodi hayapo mtaani mtaani, mara nyingi ni gari ya mtu, mnaongea nae, kwahiyo tafuteni kabla hamjapanda boti, mwenye gesti ya Chake au Wete atakuunganisha kwa siku hiyohiyo. Andikishianeni japo kwa karatasi ya daftari, jina, nambari ya gari, siku, hela, nani anatengeneza ikiharibika.

Kaskazini mtengeeni siku nzima. Wete, Konde, halafu msitu wa Ngezi, mnalipa kiingilio pale getini na mnachukua mtembezi, msitu wa zamani ule, miti mirefu mpaka shingo inauma, na ghafla kwenye lami ya joto mmeingia kwenye ubaridi kama mmefungua friji. Mkitoka upande wa pili barabara ni ya udongo, mvua ikinyesha inateleza kama sabuni, hapo ndo mtanishukuru kwa ile Escudo. Vumawimbi ufuo mrefu mweupe na mara nyingi mtakuwa peke yenu na wavuvi, hakuna kiosk, hakuna maji ya kununua, bebeni vyenu na mrudi na taka zenu. Kutoka hapo Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa si mbali, mlinzi akiwepo mnapanda.

Siku nyingine kaeni kati na kusini. Kidike kwa popo, popo wale wakubwa wa Pemba ambao hawapatikani pengine popote, miaka ya nyuma waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, wanavijiji wakaamua kuwalinda na sasa mchana mtawakuta wananing'inia mamia kwa mamia wanagombana kama nyinyi kwenye chumba cha walimu. Halafu Pujini kwa Mkama Ndume, boma la karne ya 15 la mtawala ambae Wapemba mpaka leo wakisimulia ukali wake wanapunguza sauti. Kibao cha njia msikitegemee, simamisheni gari muulize mtu, na Mpemba ukimuuliza njia hasemi tu kulia kushoto, atataka ajue mmetoka wapi, mmefikia kwa nani, na pengine atapanda gari awapeleke. Mpeni nafasi.

Kama mtakuwepo msimu wa karafuu, kuanzia mwezi wa saba na kuendelea, punguzeni mwendo vijijini zaidi ya kawaida. Karafuu zinaanikwa kwenye majamvi ukingoni kabisa mwa barabara, na ukikanyaga jamvi umekanyaga ada ya shule ya mtoto wa mtu. Harufu mtaisikia kabla ya kuziona. Unguja zamani ndo ilikuwa na mikarafuu mingi, kimbunga cha 1872 kikaing'oa, Pemba ikasalimika zaidi na tangu hapo wakatuzidi na hawajaacha kutukumbusha.

Mafuta jazeni Chake. Usiku msiendeshe, nimeshasema sababu huko juu na Pemba ongezeni kona na giza la kweli. Na kama mnakwenda Ramadhani, mchana msile wala kunywa garini mkipita vijijini hata kama nyote sio Waislamu, vioo vinaonyesha.

Ami mie ni dereva wa tax hapa mjini mwaka wa ngapi sijui. Siku hizi kila mgeni anataka kujiendesha, na nyie wa magazeti mnawapigia debe. Sie tule wapi? — Dereva, Darajani

Yakhe, soma vizuri, huyo mama wa Tabata nimempa dereva siku ya kwanza na hoteli ikikataa nimempa dereva tena siku ya safari ndefu.

Lakini na mie nikuulize na usinune. Mgeni ukimchukua kumpeleka Kizimbani kwenye viungo, kwanini mnasimama kwanza kwenye duka la vinyago ambalo hakuliomba? Na ukitoka hapo duka la pili la vitambaa? Unapata kamisheni, naelewa, mafuta ghali. Ila yule mgeni usiku anakaa hotelini anahesabu masaa mangapi aliona mikarafuu na masaa mangapi aliona maduka, kesho yake anakodi gari. Dereva anaejua kusimama Kidichi akamwonyesha mgeni hamamu aliyojengewa mke Mfursi, yaani Muajemi, wa Sultani Seyyid Said, akajua mdalasini unachunwa vipi, akajua leo maji Paje yanajaa saa ngapi, huyo hana siku ya kukaa kijiweni. Wapo hapo Darajani, nawajua, na nambari zao nikiombwa nazitoa mwenyewe.

Ami samahani kwa swali la kijinga. Nikikodi gari naweza kwenda nayo Prison Island kuona kobe? — Asiyejulikana, Dodoma

Hapana mwanangu. Hiyo Prison Island, sie tunaiita Changuu, ni kisiwa peke yake, gari yako itabaki Forodhani. Boti unapanda hapohapo, nusu saa hivi umefika, kobe wapo wakubwa asili yao Shelisheli, na lile jengo la gereza la 1893 halikuwahi kufunga wafungwa, wakaja kuligeuza karantini. Patana bei ya boti nzima kwenda na kurudi kabla hujatia mguu, sio kichwa kwa kichwa, na mwambie nahodha kabisa utakaa huko muda gani.